Hemingway: Kutoka ubabe wa Bimini hadi maumivu ya Shimoni

Februari 1954 kambi ya uvuvi ilikuwa tayari Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, ng'ambo ya Kisiwa cha Wasini. Boti ipo, chambo kipo, na mbele yake Mkondo wa Pemba, maji ambayo wavuvi wa fimbo kutoka kila pembe ya dunia hulipa pesa nyingi kuyafikia kwa sababu ya nduaro na sulisuli. Aliyesubiriwa ni Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani na mmoja wa wavuvi wa ndoano waliokuwa na jina kubwa kuliko wote wa zama zake.

Alifika, lakini hakuwa na nguvu za kushika fimbo.

Mwezi mmoja nyuma, ndege ndogo aliyopanda na mkewe Mary iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Kesho yake wakapata ndege nyingine pale Butiaba ili iwatoe, nayo ikawaka moto kabla haijapaa. Mlango ukagoma. Jamaa akaufungua kwa kichwa, kweli kabisa, kwa kuubamiza. Magazeti ya dunia yalishamzika, na yeye akapata bahati ya kusoma taarifa za kifo chake mwenyewe. Lakini fuvu lilikuwa limepasuka, ini na figo vimeumia, na pingili za uti wa mgongo zimebanwa. Mvuvi wa samaki wakubwa hufanya kazi kwa mgongo. Ukishaharibika huo, kwisha habari.

Ili kuelewa alichopoteza pale Shimoni, lazima kurudi nyuma sana.

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, jirani na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa porini kuliko mjini, na kila kiangazi familia ilihamia kwenye nyumba yao kando ya Ziwa Walloon, kaskazini mwa Michigan. Huko ndiko dogo alikofundishwa kuvua tangu hajaanza shule. Ziwani kulikuwa na samaki aina ya besi, na kwenye mito kulikuwa na trauti, ambaye ndiye hasa aliyemteka.

Trauti ni samaki mwoga. Anavuliwa kwa mshipi mwembamba na fimbo nyepesi, na siri yote iko kwenye fimbo kupinda. Samaki akikurupuka, fimbo inapinda na kumeza ule mshtuko, mshipi unapona. Ukichukua fimbo ngumu kama mpini wa jembe, mshipi unakatika mara ya kwanza tu. Chambo alichokipenda Hemingway ni panzi, wanaokamatwa alfajiri nyasi zikiwa bado na umande na mabawa yao yamelowa. Mwaka 1919, akiwa ametoka vitani Italia na miguu iliyojaa vipande vya bomu, alikwenda na rafiki zake wawili kuvua Mto Fox, karibu na kijiji cha Seney. Safari ile ndiyo iliyozaa hadithi yake mashuhuri ya uvuvi, ambayo ndani yake vita havitajwi hata kidogo.

Basi, hadi anahamia Key West, Florida, mwaka 1928, jamaa alijiona anajua kuvua. Bahari ikamwonyesha kwamba alikuwa mchezaji wa chandimu aliyeingizwa Uwanja wa Taifa.

Walimu wake wapya hawakuwa mabwana wakubwa. Charles Thompson alitoka kwenye familia yenye duka la vifaa vya chuma na uvuvi. Joe Russell alikuwa na baa, na boti yake, Anita, ilizoea kuvusha pombe ya magendo kutoka Cuba. Mwaka 1932 Hemingway alipanda Anita kwenda Havana kwa wiki mbili, akakaa miezi miwili. Kule akakutana na Carlos Gutiérrez, mvuvi wa Kicuba aliyekuwa amevua nduaro kwa mshipi wa mkononi maisha yake yote. Ni Carlos aliyemfundisha kina ambacho samaki hupita, namna ya kufunga chambo ili kisizunguke majini, na kwamba nduaro akigonga chambo usimvute kwa pupa. Mwachie mshipi kwanza, ale, ndipo upige.

Mwishoni mwa 1933 akaja Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, na Thompson akiwa naye. Kuhara damu kukamwangusha Tanganyika mpaka akapelekwa Nairobi kwa ndege. Uwindaji ulipokwisha wakateremka Malindi kuvua. Inaonekana maji ya chumvi yalishamwingia kwenye damu, maana aliporejea New York, Aprili 1934, kitu cha kwanza ilikuwa kuagiza boti.

Ilitengenezwa na kampuni ya Wheeler ya Brooklyn, ikawa na urefu wa futi 38 na bei ya dola 7,500 hivi. Sehemu ya fedha aliichukua kama malipo ya awali ya makala za jarida la Esquire, yaani boti ilinunuliwa kwa hadithi za samaki ambao bado hawajavuliwa. Aliiita Pilar. Ilikuwa na injini mbili, kubwa ya mwendo na ndogo ya kurambaza, ule uvuvi wa kukokota chambo nyuma ya boti taratibu. Sehemu ya nyuma iliteremshwa ikawekwa gogo linalozunguka, ili samaki mkubwa aingizwe kwa kuviringika badala ya watu kuvunjana viuno.

FUMBO LA BIMINI

Safari ya kwanza ya Pilar kwenda Bimini, Bahama, Aprili 1935, ilikuwa kituko. Papa aliletwa ubavuni akiwa kwenye kulabu, Hemingway ameshika bastola amalize kazi. Papa akajitikisa, risasi ikagonga ukingo wa shaba, ikapasuka na vipande vikamwingia nahodha mwenyewe miguu yote miwili. Wakageuza boti kurudi Key West. Baada ya siku chache akaondoka tena.

Bimini kulikuwa na jodari wakubwa mno, na hakuna aliyekuwa amewahi kumfikisha mmoja akiwa mzima kwa fimbo. Si kwamba hawakunasa. Walinasa, walipigana saa nyingi, na wakati samaki ameshachoka na anakaribia boti, papa wanatokea. Kinachofika ni kichwa na mifupa.

Hapo ndipo suala la vifaa linapokuwa suala la kufa na kupona. Waungwana wa klabu ya jodari ya Kisiwa cha Catalina, California, waliamini kwamba uanamichezo ni kutumia mshipi mwembamba na kumchosha samaki polepole. Kwao ilikuwa heshima. Kwa Bimini ilikuwa karamu ya papa. Hemingway akageuza hesabu: samaki anayepigana saa tano ni samaki aliyepotea, kwa hiyo chukua vifaa vizito, mpige haraka, usimpe nafasi ya kupumua.

Mshipi wa siku hizo ulikuwa wa kitani, nailoni ikiwa haijaingia. Ulihesabiwa kwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja, kila uzi ukichukuliwa kuhimili karibu kilo 1.4 ukiwa umelowa. Mshipi wa nyuzi 36 basi ulibeba kama kilo 49. Kitani kina tabia ya kuwa imara zaidi kikiwa na maji, lakini ukikiacha kwenye rili usiku kucha bila kukikausha, kinaoza kimyakimya na utajua siku samaki wa maisha yako anapoondoka nacho. Kwa hiyo kila jioni mamia ya mita za mshipi yalitolewa, yakaoshwa kwa maji baridi na kuanikwa. Fimbo nazo zilikuwa za mti mgumu wa hikori au vipande vya mianzi vilivyogundishwa, na zikitumika upande mmoja muda mrefu zinabaki zimepinda kama upinde.

Rili, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, ndiyo iliyokuwa roho ya kazi. Hemingway alitumia za Vom Hofe wa New York na za Hardy wa Uingereza. Rili za zamani mpini wake ulizunguka kinyume samaki akikimbia, na vidole vya watu vilivunjika. Kufikia miaka ya 1930 rili nzuri zilikuwa na breki ya ndani, mpini unatulia huku mshipi ukitoka. Na breki hii ndiyo inayowaumbua wengi hadi leo. Mshipi unavyotoka, duara lililobaki kwenye rili linapungua, na nguvu inayohitajika kuvuta inapanda yenyewe hata kama hujagusa kitu. Ongeza na uzito wa maji kwenye mshipi mrefu. Mvuvi mgeni akiona samaki anakimbia anakaza breki, na mshipi unakatika. Mzoefu hulegeza kidogo samaki akiwa mbali, akakaza akiwa karibu.

Mvuvi huketi kwenye kiti maalumu, mikanda ya ngozi mabegani imeshikana na rili, miguu imekaza mbele. Nyanyua fimbo kwa mgongo, teremsha huku ukikunja, nyanyua tena. Hemingway alisisitiza jambo moja: kila dakika unayopumzika, na samaki anapumzika, naye hurudisha nguvu upesi kuliko binadamu.

Mei 1935 akamtoa jodari mzima asiye na jino la papa hata moja. Halafu akamtoa mwingine, wa kilo 172. Fumbo limefumbuliwa.

Angeishia hapo angekuwa shujaa safi. Lakini alikuwa na bunduki ya rashasha kwenye boti kwa ajili ya papa, na mwaka huohuo rafiki yake, mchoraji Henry Strater, alinasa nduaro ambaye wengi walikadiria kilo 450. Strater alipigana vizuri, samaki akasogea, papa wakaonekana. Hemingway akafyatua rashasha majini. Damu ya papa waliopigwa ikaita papa wengine, nduaro akaliwa nusu. Kilichobaki kilipimwa kilo 226 hivi. Na kwenye picha ya bandarini, aliyesimama kifua mbele karibu na samaki ni Hemingway. Strater hakumsamehe, na ni vigumu kumlaumu.

Ndivyo alivyokuwa. Pale Bimini alitoa changamoto ya fedha kwa yeyote atakayehimili raundi tatu za ngumi naye, na akamlaza gatini tajiri mmoja mwenye majarida aliyemtolea maneno ya kejeli. Mwalimu mzuri, mshindani mbaya.

Upande wa ualimu nao upo kwenye kumbukumbu. Mwaka 1934 alimkaribisha Pilar mtaalamu wa samaki kutoka Philadelphia, Henry Fowler, aliyetaka kuchunguza aina za nduaro. Fowler alishukuru kwa kumpa samaki mmoja jina la kisayansi lenye Hemingway ndani yake. Na Michael Lerner, tajiri aliyekuwa naye Bimini, alipoanzisha shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, mwaka 1939, Hemingway akaingia kama makamu wa rais na kubaki hadi kufa. Sheria za shirika hilo leo hazitambui samaki aliyeng'atwa na papa wala aliyepigwa risasi. Kwa sheria hizo, samaki wa Strater angetupwa nje mara mbili.

Wakati wa vita vya pili Pilar ilizunguka pwani ya Cuba ikitafuta nyambizi za Wajerumani, ikiwa na mabomu ya mkono. Haikuzamisha kitu. Mwaka 1952 kikatoka kitabu chake cha mzee na bahari, na inafurahisha kwamba bwana huyu wa rili za gharama alimpa mzee wake mshipi wa mkononi tu, kama wa Carlos. Papa wa Bimini nao wamo.

SHIMONI NA BAADA YAKE

Kwa hiyo Shimoni 1954 palikuwa pamoja na kila kitu isipokuwa mwili. Mary na wengine walitoka baharini, mzee akabaki nchi kavu zaidi. Moto wa nyika ukawaka karibu na kambi, akajitosa kuuzima, akaanguka ndani yake na kuungua miguu, mikono na uso. Machi akapanda meli Mombasa kwenda Italia. Oktoba wakampa Nobel, na hakuweza kusafiri kuichukua.

Alivua tena. Mwaka 1956 alikwenda Cabo Blanco, Peru, kusaka nduaro wa filamu ya kitabu chake, mahali ambapo Alfred Glassell alikuwa amemtoa nduaro wa kilo 707 miaka mitatu kabla. Mei 1960, kwenye mashindano ya Havana yaliyobeba jina lake, alimkabidhi kombe mshindi wa mwaka ule, Fidel Castro. Julai 2, 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua kwa bunduki, zikiwa zimebaki siku 19 afikishe miaka 62.

Pilar ipo Cuba, juu ya nchi kavu, palipokuwa na uwanja wa tenisi wa nyumba yake. Vifaa vya trauti ni habari nyingine. Mwanawe mkubwa, Jack, alisimulia kwamba sanduku lililobeba karibu vyote, vilivyokusanywa tangu ujana, lilipotea likisafirishwa kwa reli kwenda Idaho miaka ya 1940, na baada ya hapo baba yake hakuwa tena na hamu ya mito. Ilibaki fimbo moja nyembamba ya Hardy. Iko kwenye jumba la makumbusho huko Vermont.