George de Hevesy, mutu aliyefuata nyayo ndani ya mwili

Wengi wetu tumekwisha kupigwa radio ya kifua kisha miaka ya vumbi ndani ya shimo. Muganga anaona kivuli, lakini kivuli hakisemi kama ni kovu la vumbi, tuberkulozi ao kansa. Njia moja ya kukiuliza ilianza na George de Hevesy, aliyezaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1885.

Mwaka 1911 alifika Manchester kwa mwalimu Rutherford. Huyu alimupa kazi: kutenga radiumu D na plomu iliyotoka katika madini ya Joachimsthal. Alihangaika karibu miaka miwili, akashindwa kabisa. Lakini akawaza: kama haviachane, basi chenye kutoa miale kitatuonyesha kila mahali plomu inapopita! Wanasimulia kwamba alitia kidogo ndani ya mabaki ya nyama ya mama mwenye nyumba alimopanga. Siku chache kisha, miale ikaonekana katika chakula kipya. Mwaka 1923 alifuata plomu ndani ya maharagwe, toka mizizi mpaka majani, na mwaka 1935 fosforasi ndani ya mifupa ya panya.

Wachimba dhahabu wa Kamituga watapenda hii. Wadachi walipoingia Copenhagen mwaka 1940, Hevesy aliyeyusha medali mbili za Nobel, za rafiki zake Laue na Franck, katika mchanganyiko wa asidi. Askari walipita mbele ya chupa bila kujua. Kisha vita dhahabu ikatolewa, medali zikatengenezwa upya. Yeye mwenyewe alipewa Nobel ya mwaka 1943.

Alikufa Freiburg mwaka 1966. Miaka kumi baadaye, kule Marekani, watu wa kwanza walidungwa sukari yenye fluorini ya kutoa miale. Kansa inakula sukari sana, kwa hiyo kamera inaiona ikiwaka ndani ya pafu, inaona pia mahali imetembea, na kama dawa inaizimisha.

Sasa, tuwe waangalifu. Tuberkulozi nayo inakula sukari, hata makovu ya vumbi la mawe yanaweza kuwaka. Kwetu, kwenye kikohozi cha tuberkulozi ni kingi, kuwaka peke yake si kansa. Kwa hiyo makohozi yanapimwa, na hata Nairobi, kwenye mashine hiyo iko, waganga wanatafuta kipande kidogo cha nyama ya pafu mbele ya kutaja kansa.