Vazi la Mtume, Uso wa Mdeni



Siku niliyovaa kanzu kwa mara ya kwanza, bibi mmoja wa jumuiya yetu alinisalimia huku akipiga goti kidogo. Jamani, niliona aibu! Asubuhi ile ile nilikuwa nimegombana na mdogo wangu kwa jambo la kijinga. Nikajiuliza, hivi mimi si naigiza tu?

Aliyenisaidia ni mchoraji Rembrandt. Alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1606. Hakuwa Mkatoliki, na wala simwiti mtakatifu. Ila alipenda sana kuchora watu wakiwa wamevalia mavazi ya kale. Mwaka 1640, akiwa na miaka 34, alijichora mwenyewe amevaa kama bwana mkubwa wa miaka mia moja nyuma, na kofia ya mahameri kichwani. Wakati huo alikuwa na jina, pesa na nyumba kubwa Amsterdam. Vazi lilimkaa vizuri.

Halafu mambo yakageuka. Mke wake Saskia alifariki mwaka 1642, wakiwa wameshazika watoto watatu wachanga. Baadaye aliishi na Hendrickje bila ndoa, na mwaka 1654 kanisa lao likamzuia mama huyo kushiriki Meza ya Bwana. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika. Nyumba ikauzwa, na vitu vya kale alivyokusanya vikauzwa pia.

Lakini hakuacha kuchora. Mwaka 1660 alimchora mwanae Titus akiwa amevaa kanzu ya Wafransisko, macho ameyainamisha. Mwaka 1661 alijichora yeye mwenyewe kama Mtume Paulo: kitambaa kichwani, karatasi mkononi, mpini wa upanga ukichungulia kwenye joho. Sasa tazama uso. Hakuupamba hata kidogo. Makunyanzi yapo, uchovu upo. Ni mdeni yule yule, ndani ya vazi la mtume. Na Paulo naye, kabla ya kuwa mtume, alilitesa Kanisa.

Titus alifariki mwaka 1668. Baba yake alimfuata tarehe 4 Oktoba 1669, siku ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, akazikwa kanisani katika kaburi la kukodi.

Nikirudi kwenye kanzu yangu: ingekuwa uongo kama ningeivaa ili nionekane sina dhambi. Naivaa kwa sababu nataka kumfanana Yule ambaye bado sijamfanana. Paulo alituhimiza sote tumvae Kristo, na wewe ulivikwa nguo nyeupe siku ya ubatizo wako. Usiseme haikufai kwa sababu umeanguka. Nenda kaungame, uivae tena.

Mimi jioni ile nilimpigia simu mdogo wangu, nikamwomba msamaha.

Tuombeane.