Roosevelt alipumzika, lakini presha haikushuka

Mzazi wako akikuambia ataacha vidonge vya presha kwa sababu sasa anapumzika vya kutosha, msimulie habari za Franklin Roosevelt, rais wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1882. Akiwa na miaka 39 alipooza miguu, lakini alichaguliwa kuwa rais mara nne. Alijua kutuliza akili: alikusanya stempu, alivua samaki na kuogelea kwenye maji ya uvuguvugu ya Warm Springs, Georgia. Hata hivyo alivuta sana sigara, na vita ikamwongezea mzigo.

Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, alimkuta na presha ya 186 kwa 108, na moyo umeanza kushindwa kazi. Akamwandikia mapumziko, chumvi kidogo, sigara chache na dawa ya moyo. Aprili Roosevelt alikaa karibu mwezi mzima kwenye shamba la rafiki yake South Carolina, akilala na kuvua samaki. Alirudi na nafuu, ila presha ilibaki juu. Dawa za presha tunazotoa leo hazikuwepo.

Aprili 12, 1945 kichwa kilimuuma ghafla, akazimia. Presha ilikutwa imefika 300. Alifariki siku hiyohiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo, akiwa na miaka 63.

Sisemi kwamba kupumzika hakufai. Kunasaidia, kukienda pamoja na dawa. Mkalishe mzee kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikanyage chini. Avute pumzi taratibu kwa pua hadi tumbo liinuke, kisha aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta, pumzi sita hivi kwa dakika, kwa dakika kumi kila siku. Akisikia kizunguzungu apumue kawaida. Akimaliza asiinuke ghafla.

Mpime akiwa ametulia dakika tano bila kuongea, uandike namba, uzipeleke kliniki. Zikishuka, daktari ndiye atakayeamua kupunguza dawa. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakikwama au kichwa kikimuuma ghafla kupita kiasi, hapo si wakati wa mazoezi ya pumzi. Mkimbize hospitali.

Vidonge alivyovikosa Roosevelt, mzazi wako anavyo kabatini. Hakikisha anavimeza.