Tippu Tip: Tajiri wa pembe aliyeacha wali kwenye sahani za Kasongo

Anayetembea kwa miguu mjini Kasongo, kusini mwa Maniema, akitafuta chakula cha mchana hahitaji kuuliza sana. Kwenye vibanda vya karibu na soko sahani iliyozoeleka ni wali na sombe iliyopikwa kwa mawese, na samaki wakipatikana. Ugali wa muhogo upo pia, lakini mgeni hukaribishwa kwa wali.

Mpunga huo haukuwa zao la asili la bonde la Lualaba. Uliletwa katika karne ya 19 na Waungwana, wafanyabiashara waliotoka Unguja, Mrima na Tabora, wakaleta pia Uislamu na Kiswahili ambacho watu wa Maniema wanakizungumza hadi leo. Miongoni mwao anayetajwa zaidi ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja katika miaka ya 1830. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, mama yake alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Akiwa na miaka 12 alianza safari fupi za kununua sandarusi, na alipofika 18 alifuatana na baba yake bara. Baadaye tajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan, alimkopesha mali ya kuendea mbali zaidi. Asili ya jina lake la utani inabishaniwa: wapo wanaosema ni mlio wa bunduki zake, wapo wanaosema ni tabia yake ya kupepesa macho.

Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akapata shehena kubwa ya pembe. Mwaka huohuo alikutana na David Livingstone, Mskochi aliyekuwa amepungukiwa na vitu. Hamed alimpa mbuzi, shuka nyeupe, shanga na mfuko wa mtama, akaomba radhi kwamba ni kidogo. Ndivyo alivyokuwa: mkarimu kwa mgeni, mkali kwa aliyesimama kati yake na pembe.

Alipofika Utetera alijitambulisha kama mjukuu wa ukoo wa mtawala wa huko, na mzee huyo akamwachia utawala. Kuanzia katikati ya miaka ya 1870 makao yake yakawa Kasongo. Misafara ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikaingia Kasongo na kuendelea hadi Nyangwe. Mji uliokuwa na maelfu ya watu, wabebaji na askari ulihitaji kulishwa. Kukafunguliwa mashamba ya mpunga, mahindi na miwa, na miti ya matunda ikapandwa. Wazungu walioingia Kasongo mwaka 1893 walishangazwa na wingi wa chakula walichokikuta.

Wanaomsifu Tippu Tip kwa mpunga mara nyingi hawasemi nani aliulima. Waliolima wengi wao walikuwa mateka, watu wa vijiji vilivyochomwa ili pembe zipatikane na wabebaji wapatikane. Hata sokoni hapakuwa na usalama. Julai 1871, kabla Hamed hajafika huko, watu wa wafanyabiashara waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula katika soko la Nyangwe. Livingstone aliyashuhudia mauaji hayo. Waliokufa walikadiriwa kuwa mamia, wengine wakizama mtoni wakikimbilia mitumbwi yao.

Mwaka 1887, kwa mpango wa Henry Stanley, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Hamed kuwa liwali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Ulikuwa urafiki wa mashaka pande zote mbili. Mwaka 1890 alianza safari ya kurudi pwani, hakuiona tena Maniema. Mwanawe Sefu ndiye aliyebaki kupigana. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo Aprili, Sefu akauawa kabla ya mwaka kwisha, na Kabambare ikatekwa Januari 1894. Mahali pa Kasongo ya kale sasa panaitwa Tongoni, na kwa Kiswahili tongo ni mahame. Waliokuwa watumwa wa Waungwana hawakupumzika, kwani utawala wa Leopold nao ulidai mpira na wabebaji.

Hamed mwenyewe alimalizia maisha Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, akiwa na mashamba kadhaa kisiwani. Huko aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kimejaa vita, bei na pembe. Wakulima wa Kasongo hawana nafasi kubwa ndani yake. Alifariki Juni 1905 kwa malaria.

Nyumba yake bado ipo Shangani, yenye mlango wa kuchonga, katika vichochoro ambavyo ni vya watembea kwa miguu. Jioni watalii hupita hapo, wakasimama kupiga picha, kisha wakashuka Forodhani kula mishikaki na urojo.