Tunamkumbuka Hayati Eduardo Mondlane

Kila Februari 3 Kamati humkumbuka Hayati Dk. Eduardo Mondlane, aliyezaliwa Gaza mwaka 1920. Alikuwa na kazi Umoja wa Mataifa, kisha ualimu wa chuo kikuu Marekani. Mwaka 1962 alichaguliwa kuiongoza FRELIMO mjini Dar es Salaam, akaviacha vyote. Alitaka mazungumzo kwanza. Lakini watu wa Mueda walikwisha kuomba kwa mdomo mwaka 1960, wakajibiwa kwa risasi. Septemba 25, 1964 bunduki zikalia Chai. Wazee wetu wengi wakavuka Ruvuma, watoto mgongoni. Bomu lilimwua mwaka 1969. Uhuru wa 1975 hakuuona. Sisi wakimbizi twaijua gharama ya vita. Hata hivyo twasema: wazee hawakukosea. Mungu amlaze pema.