FANNY CROSBY, KIPOFU ALIYEWEKA BIBLIA MOYONI

Mara nyingi tunaimba Usinipite Mwokozi, tena kwa machozi, bila kujua ni nani aliyeutunga mwaka 1868. Leo tunataka kuwaelezea maisha yake, kwa sababu yanatufundisha sisi wazazi.

Frances Jane Crosby, aliyeitwa Fanny, alizaliwa tarehe 24 Machi 1820 katika jimbo la New York, Marekani. Alipokuwa na majuma sita tu, macho yake yaliugua. Mtu mmoja aliyejidai kuwa munganga akamwekea dawa kali, na jamaa yake waliamini kwamba dawa hiyo ndiyo iliyompofusha. Mwaka ule ule baba yake akafa. Mama yake, Mercy, akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu, naye mtoto akalelewa na nyanya yake, Eunice. Kumbukeni kwamba mama ya Timotheo aliitwa jina hilo pia (2 Timotheo 1:5).

Nyanya huyo hakuketi kulia tu. Alimweleza mtoto ndege, miti na rangi za mbingu. Alimsomea Neno la Mungu, mtoto akarudilia hata likakaa moyoni. Walipohamia Ridgefield, katika jimbo la Connecticut, mama mwenye nyumba walimopanga, Bi Hawley, akaendeleza kazi hiyo. Mtoto alijifunza hata sura tano kwa juma moja. Alipofika ujana alijua kwa moyo vitabu vitano vya Musa, Injili zote nne, Mithali na Zaburi nyingi.

Mwaka 1835 aliingia shule ya vipofu mjini New York, na baadaye akafundisha humo. Mwaka 1858 aliolewa na Alexander van Alstyne, naye kipofu. Walizaa mtoto mmoja, akafa angali mchanga. Lakini Fanny hakumwacha Mungu. Toka mwaka 1864 alitunga nyimbo za kanisa zaidi ya 8.000. Aliupanga wimbo mzima kichwani, kisha mwingine akauandika. Maneno aliyatoa katika ghala iliyojazwa na nyanya yake. Alifariki tarehe 12 Februari 1915 huko Bridgeport, akikaribia miaka 95.

Wapendwa, wengine wetu husema: hatujui kusoma, tufundishe nini? Basi mtoto anayesoma shuleni asome, na mama arudilie pamoja naye. Toka mwaka 1921 Wabelgiji waliwafunga wafuasi wa nabii Simon Kimbangu na kuwapeleka mbali na vijiji vyao. Na siku zetu vita vimechoma nyumba nyingi mashariki mwa nchi, watu wakakimbia mikono mitupu. Biblia ya karatasi inaweza kubaki motoni. Neno lililo moyoni linakimbia pamoja na mtoto.

Tuanze na mstari mmoja kila jioni, mbele ya kulala. Mmoja asome, wote warudilie mara tatu, na siku ya Mungu mtoto aseme mistari ya juma zima. Akisahau, tusimpige, maana Neno linalofundishwa kwa fimbo litachukiwa. Tusome pamoja Kumbukumbu la Torati 6:6-7.

Bwana awabariki ninyi na nyumba zenu. Amina.