Fyodor Dostoyevsky: Miaka kumi kimya, kisha akashika tena kalamu

Wapo wasikilizaji wetu waliowahi kuandika mashairi au hadithi, kisha maisha yakabana na daftari likawekwa juu ya kabati. Leo tunamtazama mwandishi wa Urusi ambaye hakuacha kalamu kwa hiari yake. Alinyang'anywa. Alirudi vipi?

Alikuwa nani?

Fyodor Dostoyevsky alizaliwa Moscow mwaka 1821, mtoto wa daktari. Alisomea uhandisi wa jeshi, lakini akaiacha kazi hiyo ili aishi kwa kuandika. Riwaya yake ya kwanza, iliyohusu maisha ya watu maskini wa mjini, ilitoka mwaka 1846 na kumpa jina akiwa kijana wa miaka 24.

Kwa nini alinyamaza?

Mwezi Aprili mwaka 1849 alikamatwa pamoja na vijana wenzake waliokuwa wakikutana kujadili siasa na kusoma maandishi yaliyopigwa marufuku. Walihukumiwa kifo. Mwezi Desemba walipelekwa uwanjani kupigwa risasi, na watatu wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo. Dostoyevsky alikuwa katika kundi lililofuata. Ndipo ikasomwa amri ya mfalme, Nicholas wa Kwanza, kwamba hawatauawa. Adhabu yake ikawa miaka minne ya kifungo na kazi ngumu huko Siberia, kisha kutumikia jeshi kama askari wa kawaida.

Gerezani Omsk alivaa minyororo miguuni usiku na mchana. Alibeba matofali na kuzoa theluji kwa koleo. Kuandika hakukuruhusiwa, na kitabu alichoruhusiwa kuwa nacho kilikuwa Agano Jipya, alilopewa na wanawake wema akiwa njiani kwenda kifungoni.

Hata hivyo masikio yake hayakufungwa. Alilala chumba kimoja na wezi, wauaji na wakulima waliowahi kuwakimbia mabwana zao. Alisikiliza misemo yao, matusi yao na hadithi zao. Alipougua na kulazwa hospitalini, watumishi wa huko walimwonea huruma, akapata nafasi ya kuandika kwa siri. Kidogo kidogo alijaza daftari dogo kwa mamia ya maneno ya wafungwa.

Alianzaje tena?

Alitoka gerezani mwaka 1854 na kupelekwa Semipalatinsk, mji ambao leo uko Kazakhstan. Huko alikuwa askari mwenye kifafa na asiye na fedha. Marafiki walimletea vitabu, naye akaanza kusoma kwa pupa. Mwaka 1857 alioa, na mwaka huohuo akarudishiwa haki ya kuchapisha.

Tungetegemea mtu wa namna hiyo aanze na kitabu kizito juu ya mateso yake. Hakufanya hivyo. Vitabu viwili alivyochapisha mwaka 1859 vilikuwa vifupi na vya kuchekesha, juu ya watu wa miji midogo na mashambani. Kimoja kilikataliwa na mhariri wa kwanza, kikalazimika kutafutiwa jarida jingine. Vilipotoka havikuzungumzwa sana. Wasomaji wa mji mkuu walikuwa wamekwisha kumsahau.

Mwishoni mwa mwaka 1859 aliruhusiwa kurudi St. Petersburg. Mwezi Januari 1861, yeye na kaka yake Mikhail walianzisha jarida la kila mwezi. Hapo ndipo kazi ya kuandika ilipopata ratiba. Jarida lilihitaji kurasa kila mwezi, awe mgonjwa au mzima, na riwaya yake mpya ikatoka humo kwa sehemu. Kumbukumbu za gerezani nazo zikaendelea kutoka humo hadi mwaka 1862. Misemo mingi ya lile daftari la siri ilitumika katika kitabu hicho, na wasomaji wa Urusi wakaonyeshwa gereza la Siberia kwa namna ambayo hawakuwa wameizoea.

Baadaye ilikuwaje?

Maisha hayakuwa laini. Serikali ililifunga jarida mwaka 1863. Mwaka uliofuata mke wake alifariki, na Mikhail pia, akamwachia madeni makubwa. Lakini mazoea ya kuandika yalikuwa yamerudi. Mwaka 1866 alichapisha Uhalifu na Adhabu, na humo shujaa wake anapelekwa kutumikia kifungo Siberia, mahali ambapo mwandishi mwenyewe alipajua vizuri.

Dostoyevsky alifariki mwaka 1881 akiwa na miaka 59, na maelfu ya watu walimsindikiza kaburini. Vitabu vyake vinavyosomwa zaidi duniani leo ni vile alivyoviandika baada ya kimya kile. Kwa hiyo msikilizaji mwenye daftari juu ya kabati asidhani muda umempita. Aanze na kitu kifupi, na aandike na yale aliyoyasikia alipokuwa kimya.